Kilimanjaro kwa Mara ya Kwanza: Mwambie Kiongozi Wako Ukweli

Kaa asubuhi kwenye kituo cha Kibo, mita 4,700 na ushei juu ya usawa wa bahari, uwatazame wanaoteremka. Miongoni mwa walioishia njiani utawakuta vijana wa jimu na wakimbiaji wa mbio ndefu, wameshikwa mikono huku na huku, macho yamelegea. Nyuma yao anakuja mama wa makamo ambaye kila siku alikuwa wa mwisho kufika kambini, naye ametoka kilele cha Uhuru na anaulizia chai. Anayeujua mlima huu hashangai. Mazoezi yanasaidia miguu na magoti, ila hayaukingi mwili na hewa nyepesi. Kinachoamua zaidi ni siku ulizoupa mwili wako uzoee, na ukweli unaomwambia anayekuongoza. Siku unazinunua kabla hujatoka nyumbani. Ukweli ni bure, na bado ndio unaowashinda wengi, hasa wanaopanda na kundi.

Nataja kundi kwa sababu ndivyo wengi wetu Afrika Mashariki tunavyopanda sasa: wafanyakazi wa ofisi moja, watu waliosoma pamoja, kikundi cha kanisa, marafiki waliofungua grupu la WhatsApp wakachanga kwa miezi. Kila Desemba huja pia makundi yanayotaka kuwa kileleni tarehe 9, kukumbuka usiku ule wa mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge wa Uhuru wa Tanganyika. Kundi linatia moyo na linapunguza gharama. Pia linamfanya mtu aone haya kusema kwamba kichwa kinamuuma. Kama unafikiria kujiunga na kundi la namna hiyo, soma kwanza haya ndipo ulipe.

Hesabu siku kabla ya kuhesabu fedha

Kileleni oksijeni haipungui kiasi chake ndani ya hewa. Ni asilimia 21 ile ile ya Tanga au Mombasa. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Ukifika mita 5,895, kila pumzi unayovuta inakuletea karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata pwani. Mwili unajua kujirekebisha: unapumua haraka zaidi, figo zinabadili kemia ya damu ili kasi hiyo ya kupumua iwezekane, na baadaye chembe nyekundu za damu zinaongezeka. Kazi hiyo inataka siku, na haiharakishwi kwa ujasiri wala kwa maombi.

Ushauri wa kawaida wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne uweke siku ya kupumzika. Sasa tazama njia ya Marangu. Usiku wa kwanza unalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, takriban mita 4,700, na usiku huo huo unaamshwa kwenda kileleni. Kila hatua ni mita elfu moja, maradufu ya ushauri wenyewe. Ndiyo maana safari ya siku tano kwa Marangu inawaangusha watu wengi wenye afya nzuri kabisa. Ongeza siku ya sita, ulale Horombo mara mbili. Mchana wa siku ile ya katikati mnapanda hadi kwenye miamba yenye mistari myeupe na myeusi kama pundamilia, karibu mita 4,000, kisha mnarudi kulala pale pale. Siku hiyo inaonekana ya bure kwa asiyejua. Kwa maoni yangu ndiyo siku yenye thamani kuliko zote, na kundi likiiondoa ili kupunguza mchango, tafuta kundi lingine.

Njia ya Machame inapanda kwa busara zaidi, ingawa mnalala kwenye mahema badala ya vibanda. Siku ya tatu mnapelekwa hadi Lava Tower, kama mita 4,600, mnakula chakula cha mchana pale huku vichwa vikianza kugonga, kisha mnashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Mwili umeonjeshwa urefu kisha umepewa nafasi ya kupumua. Chukua siku saba, maana ya siku sita inakuunganishia Karanga na Barafu kwa siku moja na kukufikisha kambi ya mwisho umechoka. Lemosho, inayoanzia magharibi, ni ndefu zaidi na ndiyo ningemshauri ndugu yangu mwenye nafasi na uwezo. Rongai inaanzia kaskazini karibu na mpaka wa Kenya. Upande huo hupata mvua kidogo, na wanaotoka Nairobi kupitia Loitokitok wanaona ni karibu.

Kwa raia wa Afrika Mashariki kuna jambo la kufurahisha: tozo za hifadhi kwetu ni ndogo sana kuliko za wageni. Kwa hiyo siku moja ya ziada haituumizi mfukoni kama inavyomuumiza Mjerumani au Mmarekani, na ni ajabu kwamba sisi ndio tunaobana siku. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti, ile yenyewe na si picha kwenye simu, kwa sababu getini ndicho kinachoonyesha unastahili bei hiyo.

Kuhusu majira, Januari hadi mwanzo wa Machi na Juni hadi Oktoba ndiyo miezi mikavu. Masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, njia za msituni huwa tope tupu na juu kunaanguka theluji. Makundi ya Desemba yajiandae kulowa, kwa kuwa vuli huwa haijaisha vizuri.

Kama unaweza, panda mlima mwingine kwanza. Meru, mita 4,562, unaingilia Hifadhi ya Arusha na unapanda ukisindikizwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo wa chini. Point Lenana kwenye Mlima Kenya ni mita 4,985. Huko utajua mapema mwili wako unavyoupokea urefu, na utajua kama viatu vyako vinakubana.

Maswali ya kuwauliza wanaokuchukua

Hifadhi hairuhusu mtu kupanda bila kiongozi mwenye leseni, kwa hiyo swali si kama utapata kiongozi. Swali ni kiongozi gani, na kampuni inamwachia mamlaka kiasi gani. Mwulize anayekuuzia safari: nikishindwa saa nane usiku nikiwa juu ya Kibo, nani ananishusha, na wenzangu wanabaki na nani? Kampuni inayojua kazi yake itakujibu papo hapo: viongozi wasaidizi ni wangapi, wapandaji wawili au watatu wanapewa mmoja usiku wa kilele, mtungi wa oksijeni upo, machela ya gurudumu moja iko kituo gani, gari linasubiri wapi. Ukijibiwa, "Usijali, wote mtafika," ondoka. Hakuna mtu mwaminifu anayeweza kukuhakikishia kilele.

Uliza pia kuhusu wapagazi, au wagumu kama wanavyojiita wenyewe. Kwa kila mpandaji mmoja kuna watu watatu hivi au wanne nyuma yake: mpishi, wabeba mahema, wabeba gesi, wabeba chakula, wabeba begi lako. Mzigo wa kampuni kwa mgumu mmoja una kikomo cha kilo 20, na unapimwa kwenye mizani getini. Mjini Moshi kuna mradi wa kuwatetea wapagazi, ulioanza mwaka 2003, ambao hufuatilia kampuni zinavyowalipa, zinavyowalisha na mahali zinapowalaza. Uliza kampuni yako kama inakubali kufuatiliwa. Uliza wanakula mara ngapi kwa siku na wana mifuko ya kulalia ya maana au wanajikunyata kwenye hema la jikoni. Bei ikiwa ya chini mno, mtu fulani analipia tofauti hiyo, na mara nyingi ni kijana wa miaka 22 mwenye raba zilizotoboka kwenye baridi ya Barafu.

Na ujue unaajiri ujuzi wa vizazi. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889 hawakuifikia miguu ya mlima peke yao. Marangu hadi leo wanamkumbuka mzee Yohani Kinyala Lauwo kuwa aliyewaongoza wageni wale. Viongozi wengi unaokutana nao leo walianza kwa kubeba mizigo miaka kadhaa, wakajifunza kumsoma mpandaji kwa namna anavyoweka mguu.

Kabla ya safari: daktari, kisha mitumba

Mwone daktari mwezi mmoja kabla, na umweleze kwamba utalala juu ya mita 4,500. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilotulia, pumu kali, au mjamzito asiamue mwenyewe. Kwetu kuna jambo moja ambalo vitabu vya wageni hulipita haraka: selimundu. Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande kabisa urefu huu, kwa sababu upungufu wa oksijeni unabadili umbo la chembe zake na kuziba mishipa. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye maisha yake yote hajaugua, anaweza kupata maumivu makali ya bandama akiwa juu. Kwenye familia zetu wapo wengi wasiojua hali yao. Kipimo ni cha damu na hakichukui muda, kifanye.

Daktari anaweza kukuandikia asetazolamidi, inayojulikana zaidi kwa jina la Diamox. Dawa hii inausaidia mwili kuzoea mapema, lakini haigeuzi safari ya siku tano kuwa ya siku saba. Kipimo cha kuzuia ambacho madaktari huandika mara nyingi kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Itakufanya ukojoe mara kwa mara na vidole viwashe kama vimekufa ganzi. Kama una mzio wa dawa za salfa, mwambie daktari kabla hajaandika. Ijaribu nyumbani siku mbili ili usikutane na maudhi yake kwa mara ya kwanza ukiwa Horombo. Dawa za usingizi na pombe ziache chini, maana zinapunguza kupumua usiku, wakati ambao mwili unahitaji kupumua zaidi. Na kina dada, bebeni taulo za kutosha hata kama tarehe bado. Safari na urefu huvuruga mzunguko, na duka hakuna.

Mavazi si lazima yawe mapya. Soko la Memorial pale Moshi, Karume ya Dar es Salaam, Gikomba ya Nairobi, kote utapata makoti ya manyoya ya bata, suruali za kuteleza kwenye theluji na sweta za sufu kwa bei ya kawaida. Vitu vikubwa, kama mfuko wa kulalia wa kuhimili baridi chini ya sifuri na fimbo za kutembelea, kodi Moshi au kwa kampuni. Mabuti peke yake ndiyo nakuomba uyanunue mapema na uyavae sokoni, kazini na kwenye vilima vya kwenu hadi yakutambue. Buti la kukodi linalochubua kisigino siku ya kwanza litakuwa limekula ngozi siku ya nne. Acha jinzi na fulana za pamba; zikilowa jasho hazikauki, na ukisimama upepo unakugandisha. Vaa kitu chepesi cha kunyonya jasho ndani, cha joto katikati, na cha kuzuia upepo na mvua nje. Glavu ziwe jozi mbili, nyembamba ndani ya nene. Taa ya kichwani iwe na betri za akiba.

Watu weusi wengi hupanda bila mafuta ya jua wala miwani, wakidhani hayo ni ya Wazungu. Juu kule jua lina makali mengine. Midomo inapasuka hadi kula kunakuwa taabu, pua inabambuka, na macho yasiyo na miwani mbele ya barafu yanaweza kuungua hadi mtu asione kwa saa kadhaa. Paka, vaa miwani, na beba mafuta ya midomo mfukoni.

Njiani

Kuanzia getini utaambiwa pole pole. Sisi tunaozungumza Kiswahili neno hili tumelisikia tangu utotoni na tunalipita kama salamu. Lifuate kama dawa. Mwendo unaofaa ni ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Ukianza kuhema katikati ya neno, umezidisha. Kiongozi akitembea kwa mwendo unaouona wa kuudhi siku ya kwanza kwenye msitu wa mbega, anakujengea miguu ya usiku wa nne. Usishindane na wagumu wanaokupita na mizigo kichwani. Wao ni kazi yao, na wana sababu ya kuwahi: chai yako.

Kunywa maji lita tatu hadi nne kwa siku, kidogo kidogo. Kula hata kama hutaki. Hamu ya chakula huondoka kwa wengi juu ya Horombo, na hapo mpishi wa Kichaga mwenye mtori anaokoa safari: ndizi zilizopondwa na nyama, laini, ya moto, inashuka bila kutafunwa sana. Kundi la Waswahili lina haki ya kuomba mtori, uji na wali badala ya tambi kila siku. Liseme mapema kabla chakula hakijanunuliwa. Ukifika Kibo kumbuka kwamba hapana chemchemi pale. Maji yote, ya chai, ya supu, ya kunawa, yamebebwa na mtu kutoka chini, ng'ambo ya lile jangwa tambarare lililo kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo. Barafu ni vivyo hivyo. Usiyamwage.

Jioni kiongozi atakuja mezani na kile kifaa kidogo cha kubana kidole ili apime oksijeni. Namba isikutishe. Ukiwa Kibo, kusoma themanini na kitu ni kawaida, na kidole chenye baridi kinadanganya. Kipimo chenye maana zaidi ni mazungumzo yanayofuata, na hapa ndipo kundi huharibu mambo. Nimeyasikia mara nyingi kwa namna hii:

"Dada, kichwa kinaendeleaje?"

"Kiko poa tu, kaka."

"Supu mbona umeiacha?"

"Nimeshiba."

Wenzake wako pembeni, mmoja anachukua video, na bosi wake ameketi mbele yake. Kiongozi ameona sahani, ameona anavyoegemeza paji la uso kwenye kiganja, lakini hana la kufanyia kazi. Jibu la kumsaidia ni kama hili: "Kaka, kichwa kinauma tangu saa tisa, hapa mbele. Nimetapika mara moja nyuma ya kibanda. Tangu asubuhi nimekojoa mara mbili tu." Kwa maneno hayo atajua kama ni maji yamepungua, kama ni jua, au kama ni urefu, atakupa maji, dawa ya maumivu, kisha atarudi kukutazama baada ya saa moja. Kama unaona haya mbele ya watu, mfuate nje. Tena amua na mwenzako wa kulala naye tangu mwanzo kwamba kila mmoja ana ruhusa ya kumsemea mwingine.

Kanuni ya kushika ni hii: kichwa kikiuma juu ya mita 2,500, pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, chukulia ni ugonjwa wa urefu mpaka ithibitike vinginevyo, na usipande kulala juu zaidi hadi dalili ziishe. Wengi hupata kiasi fulani cha hali hiyo na hupona kwa kupumzika palepale. Hata usingizi utakuwa wa mang'amung'amu. Utamsikia jirani yako gizani anapumua haraka haraka, kisha kimya kwa sekunde kadhaa, kisha anavuta pumzi ndefu ya ghafla. Ukiwa mgeni utadhani anakufa. Kupumua huko kwa mawimbi ni jambo la kawaida kwenye urefu.

Yapo mawili yasiyo ya kawaida, na ukiyaona piga kelele bila kumwonea mtu haya. La kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anayumba kama mlevi, anashindwa kufunga zipu, anajibu vitu visivyoulizwa, anakasirika bila sababu. Mwambie atembee kwenye mstari, kisigino mbele ya vidole. Akishindwa, hakuna mjadala. La pili ni maji kujaa mapafuni: anahema hata akiwa amekaa, anakohoa, kifua kinakoroma, mate yanatoka na povu pengine lenye wekundu. Kwa ngozi zetu usitafute rangi ya buluu usoni. Tazama ndani ya midomo na kwenye kucha. Dawa ya yote mawili ni moja: kushuka mara moja, hata kama ni saa tisa usiku na mvua inanyesha. Oksijeni ya mtungi na dawa alizo nazo kiongozi zinanunua muda wa kushuka. Anayesema "tumwache alale, asubuhi tutaona" anahatarisha uhai wa mtu.

Usiku wa kilele

Mtaamshwa kwenye saa tano usiku, mtakunywa chai na biskuti, na kuondoka kabla au mara baada ya saa sita. Vaa kila kitu kabla ya kutoka. Kuvaa suruali ya ndani kwenye upepo wa nyuzi kumi au ishirini chini ya sifuri hakuwezekani. Chupa za maji zigeuze mdomo chini, kwa sababu maji huanza kuganda juu, na mdomo ukibaki chini bado utakunywa. Mrija wa mfuko wa maji utaganda tu, usiutegemee. Simu iweke kifuani karibu na ngozi, la sivyo betri itakufa kabla ya picha. Mifukoni weka tende, karanga zilizosagwa na asali, pipi, vitu vya kutafuna bila kuvua glavu mbili.

Kutoka Kibo njia inapanda kwa kukata kona kwenye changarawe inayoteleza. Unachokiona ni visigino vya aliye mbele ndani ya mduara wa taa. Kwenye pango la Hans Meyer, karibu mita 5,150, mtapumzika kidogo, na hapo wengi huanza kulia au kusinzia wima. Kulia si dalili mbaya. Kusinzia huku hujui uko wapi ni jambo lingine, mwambie kiongozi. Baada ya hapo ni mwinuko mkali kuliko yote hadi Gilman's Point, mita 5,685, kwenye ukingo wa kasoko. Hapo umeshaufikia ukingo wa Kibo na hifadhi inakupa cheti chake. Kuendelea Stella Point hadi Uhuru kunachukua saa moja na nusu au mbili zaidi, na njia hiyo hiyo hupitwa tena wakati wa kurudi. Kwa hiyo kiongozi akikutazama pale Gilman's akasema, "Kaka, wewe tunaishia hapa," ameshapiga hesabu ya nguvu zitakazobaki kwenye magoti yako wakati wa kuteremka. Mwombe akueleze alichokiona, kisha mtii. Usimshawishi kwa fedha. Wapo wanaojaribu, na kiongozi anayekubali ndiye ambaye hukupaswa kupanda naye.

Ukifika Uhuru, dakika 10 hadi 15 zinatosha. Piga picha zako kwenye ubao, tazama kuta za barafu zilizobaki upande wa kusini, halafu geuka. Kushuka ndiko kunakoumiza watu wengi: umechoka, jua limeyeyusha changarawe iliyokuwa imegandishwa na baridi, na unataka kukimbia. Legeza magoti, tumia fimbo, shuka pamoja na mtu. Siku hiyo haiishii Kibo. Baada ya kupumzika kidogo mnashuka tena hadi Horombo, zaidi ya mita 2,000 chini ya kilele. Wa Machame wanashukia kambi ya Mweka. Ukijumlisha, utakuwa umetembea saa 12 hadi 14.

Baada ya geti

Usipange kuendesha gari kwenda Dar wala Nairobi jioni ya siku mnayotoka. Lala Moshi au Marangu. Kikohozi au kuhema kusikopungua baada ya kushuka kunataka hospitali, na homa itakayokuja siku za baadaye ipimiwe malaria kabla ya kuusingizia mlima.

Bakshishi itolewe hadharani, wagumu wote wakiwepo, kiasi cha kila mmoja kikitajwa kwa sauti. Kundi likimkabidhi mtu mmoja bahasha nzima, hamtajua kama mbeba gesi amepata chochote. Anzeni kuchangia bahasha hiyo mapema, iwe sehemu ya bajeti, maana getini mtu aliyechoka hukumbuka nauli yake tu. Pia hesabuni vizuri nani hayupo. Kama mwenzenu aliugua usiku wa kilele, yuko kiongozi msaidizi aliyemshusha, akalala naye Horombo, pengine akampeleka hadi hospitalini. Wakati mnaimba na kupiga picha getini, yeye mara nyingi hayupo kwenye mstari, na jina lake linasahaulika. Fungu lake liwekwe kando, liwe sawa na la waliofika Uhuru, na mwenzenu aliyeshushwa ndiye amkabidhi mkononi mwake.